Hesabu ya Maji

Nilikuwa na miaka kumi na minne
mjomba aliponinunulia baiskeli
na madumu manne ya njano, yaliyokuwa ya mafuta ya kula.
Nikashuka bondeni, nikakokota maji hadi Newala mjini:
dumu mia tano,
msimu wa korosho mia saba.
Watu wakasema, kijana huyu anajituma.
Watu wakasema, ana kazi.

Kijito kilekile,
mwinamo uleule wa mawe yanayoteleza,
mama yangu, Somoe binti Nantenga,
alikuwa keshapita kabla ya jogoo,
ndoo kichwani, ngata ya kanga kuukuu chini yake,
na mdogo wangu Likwena mgongoni.
Fomu ya shule iliuliza: Kazi ya mama?
Mwalimu akaandika bila kuinua macho:
Hana.

Maji ni yaleyale.
Yakikaa kichwani, wajibu.
Yakikaa kwenye keria, biashara.
Nimeyaonja yote, hayana tofauti,
ila yangu yalinukia mafuta kidogo.

Sasa ni mtu mzima, na napenda hesabu.
Safari tatu kwa siku, ndoo ya lita ishirini,
mia tano mia tano, miaka thelathini.
Sikutoa Idi. Sikutoa siku aliyomzaa Likwena,
maana asubuhi ile pia alikwenda.
Milioni kumi na sita na ushei.
Nikamsomea, sauti inanitetemeka
kama karani anayetangaza malipo ya pili.
Alikuwa anachambua kunde.
"Na kuni umeweka?"
Sikuwa nimeweka.
Akaendelea kuchambua.

Mhandisi alipokuja na ramani yake
aliuliza: chemchemi ipi haikauki Septemba?
Kwenye mabenchi wakakohoa.
Mzee Chilumba akaeleza historia ya kijiji, kwa kirefu.
Kisha sauti ikatoka nyuma, kwenye mikeka:
"Ya chini ya mkwaju, kushoto.
Usichimbe karibu, kuna mwamba."
Muhtasari ukaandikwa: Wajumbe walieleza.
Ikachaguliwa kamati, wanaume saba,
na mama akaombwa ashughulikie chai.

Bomba lilitoa maji miezi mitano.
Pampu ikafa, kamati ikakaa vikao.
Esha wangu alikuwa na mimba ya miezi minane.
Baiskeli ilikuwa nzima, sisemi uongo,
matairi yamejaa upepo, imeegemea ukuta.
Nikaiacha.
Nikachukua ndoo.

Pale mkwajuni wanawake walinyamaza kwanza.
Halafu mmoja: "Jamani, limbwata hili Esha kalitoa wapi?"
Kicheko kikapanda hadi juu ya mwinamo,
kikanitangulia kijijini.

Ya jandoni siyasemi, nilikula kiapo.
Ila hakuna aliyenifundisha shingo.
Hakuna aliyeniambia kwamba maji yana akili,
kwamba ukikanyaga kwa hasira yanajua,
kwamba kiuno ndicho kinachobeba, si kichwa.
Nilimwagikiwa hadi kwenye viatu.
Nyuma yangu, mama, na ndoo yake, bila mkono:
"Usiitazame ndoo, Issa.
Itazame njia."

Nilifika na nusu.

Wiki nzima nilikuwa habari.
Nusu ya kijiji ikasema nimelishwa kitu.
Nusu ikasema mume wa mfano huyo,
na mwenyekiti akanipa mkono mbele ya watu,
akaushika kwa muda mrefu,
kwa safari moja,
kwa nusu ndoo.

Tukiwa tumeshikana hivyo mama alipita,
ndoo imejaa hadi ukingoni, haidondoshi tone.
Tukasogea kumpisha,
mwenyekiti hakukatisha sentensi yake.